Maria wa Mwerezi Aliyechongwa Mzima

Don Ettore Bressan alikuja kwetu Guatemala kutoka Italia akiwa kijana, na kwa miaka ishirini na sita tulimpa kazi ya kuchonga vichwa na viganja vya sanamu tu. Sanamu zetu za watakatifu huvikwa nguo za kushonwa. Chini ya nguo ni fito, nani atauliza? Kwao, alisema, hata joho huchongwa. Tulimwona mbishi.

Mkewe Lucia alifia huko Italia akisubiri mumewe amwite huku.

Padri alipoomba Maria mpya wa maandamano ya Ijumaa Kuu, mzee alikaa miaka mitatu na gogo moja la mwerezi. Akamchonga mzima: mikunjo ya joho, miguu peku, mikono imekumbatia kifua. Uso ulikuwa wa Lucia. Aliniambia mimi tu, niliyekuwa nikimpelekea tamali, mikate yetu ya mahindi, kila Jumamosi.

Siku ya makabidhiano tulikwenda wanawake wanne, wavalishaji wa watakatifu, na gauni letu la mahameli. Doña Eulalia, mkubwa wetu, akamzunguka Maria mara mbili.

"Mzee, huyu nitamvikaje? Mikono imegandana na kifua!"

"Asivikwe, mama. Ameshavaa."

"Amevaa mbao! Unataka Mama wa Mungu apite barabarani kama kabati?"

Tukacheka. Nami nilicheka, sitasema uongo.

"Mama, nakuomba. Huyu mmoja tu."

"Kanywe kahawa, Don Ettore. Seremala yuko njiani."

Seremala alikata mikono mabegani, akaweka mingine ya bawaba. Joho la mbao akalichonga kwa shoka mpaka gauni likaingia. Kisha Maria akabarikiwa, na akishabarikiwa hakuna mwanamume wa kumwona bila nguo. Ufunguo wa chumba chake nikapewa mimi.

Don Ettore akanifuata nyumbani. "Nifungulie nione kilichobaki."

"Siwezi, mzee. Wewe mwanamume."

"Nimemchonga mimi!"

"Hata padri haingii. Usinitafutie balaa."

Alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, mpaka nikafunga dirisha.

Ijumaa Kuu Maria alipita mabegani mwa wabebaji, uso tu ukichungulia kwenye mahameli. Watu walilisifu gauni. Don Ettore hakutoka nje. Hakuchonga tena hata kidole, na kabla mvua hazijaisha tulimzika.

Kila mwaka ni mimi ninayemvua Maria. Mgongo mzima ni makovu ya shoka. Namfunika upesi, kisha nageukia ukutani, wenzangu wasinione uso.