Mafuta ya Pampu ya Choo

Harufu ya mafuta ya mgando hainiachi salama. Wenzangu hujipaka asubuhi wakaenda zao; mimi nikifungua kikopo tu, namkumbuka Bibi, mamake baba, na choo cha mashua.

Msinicheke. Baba alitunza mashua ya mgeni mmoja, na ndani yake mlikuwa na choo cha pampu ya mkono: unasukuma fimbo juu na chini, maji ya bahari yanaingia, uchafu unatoka. Mtaani kwetu Mkomani walimtania Baba kwa kazi ile. Bibi hakumtania hata siku moja. Kibofu chake kilikuwa kigonjwa, hamalizi nusu saa bila kwenda haja, na dada yake wa pekee alikuwa hoi kitandani kisiwani Pate. Mashua za abiria hazikuwa na choo. Kwa hiyo mgeni alipokubali Bibi apelekwe, nyumba nzima ilikisifu choo kile kama bibi harusi.

Siku tatu kabla ya safari Baba aliifungua pampu, akaisugua kwa siki mpaka chumvi iliyogandamana ikatoka, akatia mpira mpya wa kuziba maji. Mimi, msichana wa miaka kumi mwenye mikono myembamba, nikapewa kazi ya kupaka mafuta ndani.

"Paka haya meupe ya tyubu tu, kwenye fimbo na kwenye mpira," akasema. "Mafuta mangine hula mpira."

Akarudi kwenye injini yake. Nilitoka nje nipate mwanga, tyubu ikaniponyoka, ikazama baharini. Niliogopa kusema. Mkobani nilikuwa na kikopo changu cha mafuta ya mgando, nikapaka hayo kwa bidii, nikijiambia mafuta ni mafuta. Baba alipoijaribu pampu ilikwenda laini, akanisifu, nami nikapokea sifa zangu bila haya.

Nusu ya safari Bibi aliingia chooni. Alisukuma fimbo kwanza, kama alivyofundishwa. Ikagoma, mpira ulikuwa umeshavimba kwa mafuta yangu.

"Tumia tu, mama," Baba alimwambia mlangoni. "Nitateka kwa ndoo."

"Sitakutekesha mkojo wangu, mwanangu."

Akatoka, akaja kuketi ubavuni mwangu, midomo ameibana. Tuliposhuka Mtangawanda, bandari ya Pate, buibui lake lilikuwa limerowa kuanzia kiunoni.

"Ni wimbi, limenipija," aliwaambia waliotupokea. Nami nilikuwa mkavu kabisa, lakini nikamwamini.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila guu lililovunjika halikuwa langu. Bibi alimwona dadake siku ile, na hakupanda chombo tena. Baba alitia mpira mwingine, akambembeleza, wapi! "Mimi na ndia za maji tumetosheyana," alisema. Salamu zikawa zinakwenda na kurudi kwa midomo ya watu, mpaka ya mwisho ikawa ya msiba, na Bibi akamlilia dadake kwetu Mkomani. Nilidhani alikataa safari kwa uzee tu.

Miaka ikapita. Nilipojifungua mtoto wangu wa pili nami nikaanza kuvujwa na mkojo, na siku moja, mbele ya wageni, nikadai nimemwagikiwa na chai. Hapo ndipo nilipolielewa wimbi lile, nikalia mpaka mume wangu akaogopa.

Bibi hayupo. Baba yupo, na mpaka leo anamlaani muuza vipuri aliyemuuzia mpira mbovu, ukamwaibisha mamake. Huniangalia nimuunge mkono. Namuunga mkono.