Upande wa Baba Hauhusiki

"Shika!" nilimwambia. "Shika sasa hivi, au nikakuletee glavu mimi mwenyewe?"

Nilikuwa nimefungua blauzi. Mlango wa chumba cha tabibu ulikuwa wazi kwa sababu kitasa chake kilishakufa zamani, na kwenye benchi la nje akina mama wa kliniki waliacha soga wakachungulia. Mwanangu, mgongoni, akaanza kulia. Tabibu akarudisha kiti nyuma mpaka kikagonga ukuta. Kijana tu, saa kubwa mkononi. Ilikuwa mara ya tatu naingia kwake, na mara ya tatu anaandika kwamba maziwa yameganda, nikande kwa maji ya moto, nimeze panado. Ziwa lenyewe hajawahi kuligusa hata kwa ncha ya kidole.

"Mama, funga nguo. Kuna watu."

"Hao watu nao wana maziwa. Shika!"

Panado ningeivumilia. Kilichonimaliza ni swali lake. Aliniuliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua saratani. Nikasema wapo, shangazi zangu watatu. Akainua kalamu. "Shangazi? Huo ni upande wa baba. Upande wa baba hauhusiki, mambo ya maziwa yanatoka kwa mama." Akaandika: hakuna. Watu wamezikwa, yeye anaandika hakuna!

Akaita mlinzi. Nesi mmoja mtu mzima akawahi kunishika kiwiko, akanivuta hadi kwenye korido huku akinifunga vifungo kama mtoto.

"Ukipiga kelele hapa watasema una wazimu," alininong'oneza. "Nenda kaandike malalamiko. Mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, yupo wiki nzima hii."

Nilimtazama. Hata yeye sikumwamini. Nilijiuliza anataka niandike, au anataka tu niondoke mlangoni kwao. Kufikia siku ile nilikuwa simwamini mtu yeyote, na nilikuwa na sababu.

Uvimbe niliukuta nikimnyonyesha binti yangu. Kushoto, karibu na kwapa, mdogo kama dengu na mgumu vilevile. Nilipomwonyesha mama, hakuuliza kama unauma. Alivuta khanga yake, akaenda jikoni alikokuwa amekaa kaka yake, yaani mjomba wangu, nikamsikia anamwambia kwa Kisukuma, chinichini: "Isije ikawa ile ya kwao."

Ya kwao akina nani? Nikaingia jikoni kuuliza. Mama akageukia sufuria. Mjomba ndiye aliyejibu.

"Kanyonyeshe mtoto."

"Nimeuliza, mjomba."

"Na mimi nimejibu."

Kwetu mwanamume asipotoa ng'ombe, mtoto anabaki kwa wajomba. Baba yangu hakutoa hata ndama. Alikwenda machimboni nikiwa tumboni, akafia hukohuko. Nikakulia hapa Bariadi kwenye mji wa mjomba, nikaandikishwa shule kwa jina la ukoo wa mama, na nilipoolewa ng'ombe waliingia zizini kwa mjomba. Ukoo wa baba uko Shishiyu; nilijua tu kwamba nilikuwa na shangazi huko, na kwamba wote wamekufa. Nyumbani hawakuutaja, na aliyeutaja alikatishwa kwa kikohozi.

Wiki mbili nzima nikawa nawatega. Nikiingia, mazungumzo yanahamia kwenye bei ya pamba. Mama alianza kumwogesha mwanangu mwenyewe, huku akimgeuzageuza na kumkagua kifua. Mtoto wa mwaka mmoja! Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema vipele.

Nikamwambia mama nakwenda gulioni Nyashimo. Nikapanda gari la Maswa, na kutoka Maswa nikachukua bodaboda hadi Shishiyu.

Aliyebaki wa kizazi kile ni bibi mdogo, mke wa pili wa babu yangu. Anakaa peke yake, mbali na miji mingine, na mwenye bodaboda alinishusha kabla ya kufika. "Mimi naishia hapa, dada," alisema, akageuza pikipiki.

"Mwadila, mayu," nilisalimia, nikapiga goti.

Bibi hakuitikia. Alisimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo. "Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Walokole? Wajomba zako? Mwenyekiti?"

"Nimejileta. Mimi ni mtoto wa yule aliyekwenda machimboni."

Alinitazama usoni. Kisha akatazama nyuma yangu, kama kuna watu wamejificha kwenye mtama. Aliponiruhusu kukaa, alinikaribisha kwenye kigoda cha nje. Hakuniingiza ndani. Akaniletea maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Nikashukuru, nikakiweka chini.

"Umekuja kuniita mchawi na wewe?"

"Nimekuja kuuliza shangazi zangu walikufa kwa ugonjwa gani."

Akacheka bila furaha. "Si mimi niliwaua? Hukuambiwa? Wa kwanza ziwa lilioza, watu wakasema mke mdogo ana wivu. Wa pili naye ziwa, wakaniletea mganga wa kunichanja kwa nguvu. Wa tatu tumbo likajaa maji, ukadhani ana mimba ya mapacha, na hana mume. Akafa kabla hajafika Mwanza. Ndipo wakanihamisha huku." Akanitazama kifuani. "Wewe lako ni lipi?"

Nilikuwa sijamwambia kitu. Nikagusa kushoto. Aliinamisha macho, yakaangukia kile kikombe ambacho sijakinywa.

"Mwaga tu, mwanangu," alisema. "Wenzako nao walimwaga."

Niliporudi, nilimkuta mjomba anakamua. Nikamwambia nimetoka Shishiyu. Hakugeuka.

"Magonjwa ya ule mji ni ya watu wa ule mji," alisema. "Wewe ni wa hapa. Ng'ombe hawakutoka, kwa hiyo hakuna kilichoingia."

"Pua yangu imefanana na nani, mjomba?"

"Usiniletee ya shule."

"Nauliza tu. Pua iliingia bila ng'ombe, ugonjwa ukasubiri kizingitini?"

Hapo ndipo akageuka. "Wakwe zako wakisikia? Ng'ombe wa mahari yako walishazaa. Wakidai warudishiwe, nitawatoa wapi?"

Kumbe. Miaka yote nikidhani wananificha kwa huruma, kumbe wanalinda zizi. Au pengine ni vyote viwili. Mama alikuwa analia nyuma ya ukuta, nilimsikia. Lakini kulia hakukumzuia kunyamaza.

Madaktari bingwa walipoweka kambi ya upimaji mjini, nikapanga foleni tangu alfajiri. Daktari alikuwa mwanamke. Alipapasa ziwa, akapapasa kwapa, akauliza ya kwetu, nami nikamweleza habari yote, pamoja na ng'ombe. Hakucheka. Akasema kwenye mwili kuna vinasaba, yaani vibeba urithi, ambavyo kazi yake ni kurekebisha makosa yanayotokea kwenye chembe, na kila kimoja tunacho mara mbili, cha baba na cha mama. Kikiharibika na ukakirithi hivyo, hatari ya saratani ya matiti na ya mifuko ya mayai inapanda sana, ingawa si lazima uugue. Baba anaweza kukibeba maisha yake yote bila kuumwa, akampa binti. Kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu.

"Na mimi nikiwa nacho, huyu?" Nilimwonyesha wa mgongoni.

"Nusu kwa nusu vilevile. Lakini kwanza tujue wewe. Uvimbe huu upigwe picha, uchukuliwe kinyama upimwe. Mambo ya vinasaba watakuambia hospitali ya rufaa. Rudi kwenye kituo chako wakupe barua."

Ndiyo barua niliyoifuata kwa yule tabibu mwenye saa, ile mara ya tatu.

Sanduku la maoni la kituo lina kufuli lenye kutu, na ndani kwenye upenyo naona makaratasi ya pipi. Ufunguo anao nani? Nesi hakujua. Kwa hiyo niliandika nakala mbili, nikaketi mlangoni kwa mganga mfawidhi mpaka akatoka, nikampa mkononi, nikakataa kuondoka bila muhuri kwenye ya kwangu. Iko hivi:

YAH: MALALAMIKO YA KUNYIMWA UCHUNGUZI NA RUFAA

Mimi ni mama ninayenyonyesha. Jina langu liko kwenye kadi niliyoambatanisha. Nina uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Nimekuja hapa mara tatu na sijapimwa kwa mkono wala kwa kifaa. Nimeandikiwa kwamba maziwa yameganda.

Nililalamika chumbani kwa sauti na nilifungua nguo. Hilo nalikiri na siombi radhi.

Nilitaja shangazi watatu wa upande wa baba waliokufa, wawili kwa ugonjwa wa ziwa na mmoja wa tumbo. Mtumishi wenu aliandika hakuna. Naomba neno hilo lifutwe na waandikwe. Nilizaliwa na baba, hata kama hakutoa mahari.

Naomba barua ya rufaa kwenda Mwanza leo, siyo wiki ijayo. Nina binti, na sitaki aje kukaa kwenye benchi hili akiambiwa upande wa babu yake, baba yangu, hauhusiki.

Kama mnakataa, andikeni hapa chini kwamba mmekataa, aliyekataa aweke saini yake, na mnipe nakala.