Mashine Isiyobisha Hodi

Baba yangu haingii hewani bila kubisha hodi. Anaiwasha redio, anaiacha ipate joto, kisha kabla ya kumwita mtu yeyote anagonga kwa nukta na vistari zile herufi chache zinazouliza kama masafa yana mtu. Anatega sikio. Kukiwa kimya anauliza tena, maana huenda mtu yupo ila sauti yake haijafika. Nikiwa msichana nilidhani huo ni ushamba wa wazee wa reli. Baadaye nikaelewa kuwa ndiyo desturi ya wenye leseni ya redio ya ridhaa, wale wanaowasiliana hewani kwa kupenda tu, dunia nzima. Masafa ni ya wote, hakuna mwenye hati ya kiwanja, na aliyetangulia kukaa haondolewi na anayekuja nyuma.

Tunakaa Mbotela, katika nyumba ya kanjo, yaani ya halmashauri ya jiji, ambayo baba ameishikilia tangu enzi za kazi yake ya reli. Waya wa redio unatoka pembe ya paa, unakatiza uwanja, unaishia kwenye mlingoti wa chuma aliousimika mwenyewe kwa saruji karibu na bomba la maji. Jirani wetu wa mlango wa pili, mama mwenye maneno yake, anauona kuwa kamba ya nguo iliyokosa kazi. "Mzee, hii waya si inakaa tu bure," humwambia. "Wacha nianike blanketi, ukitaka kuongea na Mungu utaniambia nitoe." Baba alimkataza hadi akachoka kukataza, na sasa kabla ya kuwasha redio huchungulia nje kwanza aone kama waya una blanketi.

Mimi nilirudi hapo kutoka Kware mama alipofariki, nikaiacha ghorofa ambako kuliona jua kulikuwa bahati. Ni karani pale mahakamani Makadara. Siku nzima nasikiliza watu wakikatizana maneno, kwa hiyo ule muda mfupi wa asubuhi, baba akiwa kwenye redio na mimi na kikombe changu cha chai, nilikuwa naona uchungu hata kuumaliza.

Nimekua na redio ile na bado sijaizoea. Waya mwembamba kama wa kufungia kuni, hakuna kinachoonekana kikitoka, na mtu aliye ng'ambo ya Bonde la Ufa anausikia mguso wa kidole cha baba. Baba amenieleza mara nyingi jinsi mawimbi yanavyopanda juu sana, yakakuta tabaka la anga lililoamshwa na jua, yakarudi chini. Maelezo nimeyaelewa. Mshangao ndio haujaniisha, na sitaki uniishe.

Aliye ng'ambo ni rafiki yake wa kazini. Walikuwa reli wote wawili, kila mmoja na stesheni yake, wakipashana habari za treni kwa nukta na vistari, na walijuana mikono miaka mingi kabla ya kujuana sura. Mkono ndivyo wanavyoita jinsi mtu anavyogonga. Hakuna wawili wanaogonga sawa, na baba humtambua mtu kwa mkono kama mimi ninavyomtambua yeye kwa kikohozi chake mlangoni. Walipostaafu, mwenzake alirudi kwao magharibi, nao wakachukua leseni ili wasiachane.

Kisha kisukari kikamla macho yule mzee. Baadaye koo likaugua, na ili kumwokoa madaktari wakalazimika kumtoa kisanduku cha sauti. Haoni, hasemi. Masikio ni mazima na vidole ni vizima, ila pale kwake hakuna anayejua nukta na vistari. Watoto wake wanampenda, wanamlisha, wanamwuliza maswali ya kuitikia kwa kichwa. Lakini kusema jambo lililotoka kichwani mwake mwenyewe, likamfikia mtu mwingine likiwa zima, kwa hilo alikuwa amebaki na mtu mmoja duniani, naye ni baba yangu.

Tulijaribu simu. Mwanawe aliiweka karibu na kigongeo, kile kitufe cha kugongea herufi, mzee akagonga, na upande wetu tukasikia kimya kitupu. Simu za siku hizi zimefundishwa kufuta kelele, na kisichokuwa sauti ya mtu kwao ni kelele. Zilimfuta mzee wetu. Tukarudi kwenye redio.

Mwaka jana mvua zilipoanza, asubuhi moja katikati ya maneno ya mzee, uliingia mlio kama posho mili inapoanza kusaga. Haukuuliza kitu. Uliingia, ukakoroma, ukanyamaza kidogo, ukakoroma tena. Baba aliinua kichwa na uso wa mtu aliyeingiliwa bafuni.

Alizijua habari zake. Kilikuwa kituo kinachojiendesha, kompyuta iliyofungwa kwenye redio mahali fulani mbali, ikipokea na kupeleka barua za watu walio kwenye mashua katikati ya bahari. Mwenye mashua akiita, mashine inaamka na kujibu papo hapo. Labda inasikiliza mashine wenzake kabla ya kuanza, lakini mkono dhaifu wa mzee mmoja kijijini, kwa mashine si kitu. Nilikasirika sana, nikataka tushtaki, nikaanza kuuliza ni ofisi gani inayohusika. Baba akasema mashine haina masikio, nitaigombezaje? Halafu akasema hata hivyo ni jambo kubwa, mtu yuko baharini peke yake na mkewe anapata barua. Hivyo ndivyo alivyo baba. Anakanyagwa mguu anasifu kiatu.

Nikamwambia basi wahame masafa. Haikuwezekana. Redio ya mzee ni ile waliyoiunda kwa mikono yao, na inarusha kwenye masafa mamoja tu, yale yanayopangwa na kipande cha kioo kilichomo ndani yake. Tuliagiza kipande kingine kutoka ng'ambo, kikawa njiani, na njia ikawa ndefu.

Ajabu ni kwamba mzee hakuisikia mashine. Mawimbi ya mashine yalikiruka kijiji kile yakaja kutua juu yetu. Mzee alimsikia baba vizuri kabisa. Baba ndiye aliyekuwa hamsikii yeye, isipokuwa neno hapa na nusu neno pale, mlio ukipumua.

Ndipo baba akaanza kudanganya. Mlio ukikoma anagonga "ndiyo, endelea." Ukikoma tena anagonga "pole sana" au "kweli kabisa." Nilikaa pale na chai yangu nikimtazama mtu akiitikia hadithi asiyoisikia, asubuhi baada ya asubuhi, na roho ikaniuma. Nikamwuliza kwa nini hamwambii mwenzake ukweli.

"Mama," aliniambia, maana hivyo ndivyo anavyoniita, "nikimwambia simsikii, ataacha kugonga. Na yule akiacha kugonga, ndiyo amenyamaza."

Nilianza kuona kilichokuwa mezani pale kila asubuhi. Mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa ukingoni mwa ukimya ambao hakuna anayerudi kutoka humo, na kilichomshikilia ni kidole cha baba kinachosema "endelea."

Kitu kimoja tu kilimshinda baba kuacha, nacho ni adabu. Kila asubuhi kabla ya kufunga, aligeuka kuzungumza na mashine. Alitumia zile herufi za mkato ambazo watu wa redio wa kila nchi wanazielewa: tafadhali, hapa pana watu, naomba utupishe, asante. Nilimcheka mpaka chai ikanipalia. Nikamwuliza kama kesho ataikaribisha chapati. Akasema kila mashine ina mwenyewe, na huenda mwenyewe siku moja akapita karibu na spika yake.

Mwenyewe hakupita, au kama alipita hatukumjua. Aliyepita ni mwingine.

Ilikuwa Jumamosi na sikuwa na kazi. Mlio ulikoma kama kawaida, na katika kile kimya ukaingia mkono tusioujua, imara na safi, ukituma alama moja fupi ya kututaka tupande masafa kidogo. Baba aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyegonga. Akakizungusha kitufe taratibu, na pale juu kidogo, penye utulivu, mtu alikuwa anatungoja. Alitaja herufi za kituo chake. Baba akaninong'oneza nchi, mojawapo ya zile za theluji huko juu kaskazini, nami nikaweka kikombe chini.

Mgeni alieleza kwa mkato. Amekuwa akimsikia baba akiiomba mashine nafasi. Huko aliko mashine inasikika kwa mbali tu. Yeye anamsikia rafiki yetu, hafifu lakini wazi. Tungoje, ataturudishia anayosema.

Kisha akaanza. Nukta na vistari nilifundishwa na baba utotoni na ninavisoma kwa kusuasua, kwa hiyo nilichelewa kutambua nilichokuwa nakisoma. Kilikuwa Kiswahili. Mtu wa theluji, asiyejua hata maana ya "habari," alikuwa anaokota herufi za mzee wetu moja moja kutoka kwenye mavumi na kuzituma kwetu zilivyo, pamoja na vifupisho vyao vya reli, pamoja na neno ambalo mzee alilikosea akalirudia. Hakujua kama anabeba msiba au utani. Alibeba tu, kwa uangalifu ambao sijawahi kuuona kwa mtu anayeelewa anachosoma. Nilitazama juu ya paa letu kana kwamba ningeyaona maneno yakipita.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: "Unanisikia ndugu."

Nilimwona baba akipima kama atasema "ndiyo, endelea" kwa mara nyingine. Halafu akarudi chini, kwenye masafa ambayo mzee anasikia, akaungoja mlio upumue kwa mazoea tu, akagonga: "Sikusikii. Siku nyingi sikusikii. Nisamehe."

Tukapanda tena juu kungoja. Mgeni naye alikuwa kimya, kwa hiyo nikajua mzee yuko kimya. Nilianza kuogopa. Kisha ule mkono safi ukarudi, herufi kwa herufi.

"Najua. Nilikusikia ukiiomba mashine ikupishe."

Baba alijipiga kipaji cha uso. Miaka yote ile ya reli, na alikuwa amesahau kwamba anachoiambia mashine kinamfikia mzee vilevile. Hapakuwa na mlango mwingine wa kuzungumza na mashine. Kila asubuhi alimdanganya rafiki yake kwa mkono uleule, kisha kwa heshima kubwa akajiumbua mwenyewe kabla ya kufunga. Nilicheka. Yeye hakucheka. Alishuka tena akagonga, mkono wake sasa umeharibika kidogo: "Mbona hukuacha kugonga."

Jibu lilikuwa refu, na mgeni alilileta polepole, akisimama mahali mzee aliposimama.

"Ulikuja kila siku kuniitikia bila kusikia. Ningeachaje."

Baba alivua miwani. Kwenye mazishi ya mama alisimama mkavu kama nguzo, watu wakamsifu kwa uanaume, nami nikamchukia kidogo kwa hilo. Sasa alifunika uso kwa viganja vyote viwili na mabega yakamtikisika, na kigongeo kikabaki mezani bila mtu. Sekunde zilikuwa zinapita. Nilimfikiria yule mzee katika giza lake, anasikiliza, haoni kwamba upande huu kuna mtu, kwake kimya ni kimya.

Nilivuta kiti. Sikuwa nimekigusa kigongeo tangu shule ya msingi, na vidole vyangu viligonga kama mtu anayetembea na viatu vya mwenzake. Nilishuka kwenye masafa yake. Nikabisha hodi kwanza, hata kama mlio ulikuwa unakoroma. Kisha nikagonga: "Ni binti yake. Baba analia. Ngoja."

Nikapanda juu kusikiliza, mkono wangu mmoja mgongoni mwa baba. Kutoka nchi ya theluji, yule asiyejua neno hata moja la kwetu akaniletea jibu bila kukosea herufi: "Nangoja."