Mikono ya Taratibu

Kaka yangu hakuwahi kuongea wembe ukiwa wazi. Mteja akimuuliza jambo katikati ya kunyolewa, aliukunja kwanza, akajibu, ndipo akaukunjua tena. Ndevu za dakika kumi zikawa za nusu saa, na wateja wakambandika jina la Taratibu. Hata mimi, mdogo wake niliyeishi naye tangu nilipoachika, nilimwita hivyo nikitaka kumchokoza.

Aliugua kisukari miaka kumi na tisa. Figo ziliposhindwa kazi, akawa anakwenda hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, kwa muda wa saa nne kila mara. Siku nyingine zote alikuwa kwenye kibanda chake cha kinyozi, kwenye viti viwili na kioo kilichopasuka pembeni.

Asubuhi moja nilimpelekea chai nikamkuta mteja kashika sikio, damu inamchuruzika shingoni.

"Taratibu, leo mkono wako unacheza muziki gani?" mteja alitania, lakini alishasogea ukingoni mwa kiti.

Kaka hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Bega lilipanda lenyewe, kiwiko kikajipinda, vidole vikachanua. Hakuwa anauchezesha yeye.

"Sukari imeshuka," alisema. "Niletee soda, fanya haraka."

Nilikimbia. Kliniki walitufundisha kuwa mgonjwa wa sukari akitetemeka, apewe kitu kitamu. Walitufundisha pia kupima kwanza, ila baada ya miaka kumi na tisa tulijiona madaktari. Akainywa yote. Baada ya saa moja mguu nao ukaanza kujirusharusha. Nikaleta nyingine.

Tuliendelea hivyo siku tatu. Siku ya mashine ilipofika, alikataa kutoka.

"Nipite barabarani hivi? Watasema nimerukwa na akili."

Nami nikaona afadhali apumzike. Nilimwogopa, kusema kweli. Nilikaa upande wa pili wa meza, nikisikia kisigino chake kikigonga sakafu.

Siku ya nne ulimi nao ukawa unamtoka bila idhini yake. Nikaita teksi.

"Mlikuwa mnampa nini?" daktari aliniuliza.

"Soda. Sukari ilishuka."

Aliweka kalamu chini. "Haikushuka, dada. Imepanda mpaka kipimo kinashindwa kuisoma. Na uchafu umejaa kwenye damu. Vyote viwili vimeumiza ile sehemu ya ubongo inayotuliza viungo."

"Atapona?"

"Wengine hutulia tukiwasafisha damu kila siku. Shida ni kumfikisha huko."

Nilielewa nilipouona mkono wa kushoto, wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine. Nao ulikuwa unacheza. Sindano mbili nene zilipaswa kukaa humo saa nne nzima. Moja ikichomoka, angeweza kumwaga damu yake yote mbele yetu. Dawa ya kumtuliza ilikuwa haijashika vizuri.

"Utaweza kuushika?" nesi aliuliza.

Nikaushika, kiganja kwa mkono mmoja, kiwiko kwa mwingine. Kila uliporuka, macho yangu yalikwenda kwenye plasta iliyoshikilia sindano. Sikukohoa wala kujikuna. Siku ya pili ya kusafishwa vidole vilipoa kidogo, nikathubutu kutumaini. Siku ya tatu vikaanza upya, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Saa ya pili ya mashine, siku hiyo ya tatu, presha yake iliporomoka. Manesi wakaniondoa kitini, wakavuta pazia. Walipolifungua, mikono yote miwili ilikuwa imetulia, na daktari hakuhitaji kuniambia kitu.

Dakika chache kabla presha haijaporomoka, alikuwa amehisi misuli yangu inatetemeka kwa uchovu. Akanigeukia. Maneno yalimtoka kwa shida, vipande vipande.

"Ukichoka usiniachie ghafla, mdogo wangu. Niambie kwanza, nijiandae."