Fimbo Nyepesi ya Kasesya

Nianze na mlango, maana hasira yangu ilizaliwa kwenye mlango.

Mjomba wangu alikuwa seremala Sumbawanga mjini, na mimi nilikuwa nampigia randa tangu nilipotoka kwa mama kule Mwazye, na cheti changu cha darasa la saba mfukoni. Milango ya mjomba ilikuwa ya mninga mtupu. Wanaume wawili wakiubeba mmoja, lazima wapumzike njiani. Basi soko huria likafika, maduka yakajaa milango ya kisasa, laini kama kioo, ambayo hata mama mmoja anaibeba kichwani huku anapiga soga. Wateja wakatukimbia. Masika ya kwanza tu, mwalimu mmoja kati ya waliotukimbia akarudi na mlango wake umevimba kama andazi. Mjomba akaupasua kwa msumeno. Ndani hapakuwa na mbao. Palikuwa na makaratasi yaliyokunjwa kama sega la nyuki.

"Umeona?" mjomba aliniambia. "Wameipaka rangi hewa, wakatuuzia."

Hakutia chumvi. Miaka ile tuliuziwa misumari inayopinda ukiitazama, gundi iliyoongezwa unga, redio zinazoimba dukani na kunyamaza nyumbani. Ufipa kwetu ni mbali, na waliotuuzia walijua hakuna mtu atakayepanda lori mpaka Dar es Salaam kwenda kudai kandambili iliyokatika. Kilichokataliwa Mbeya kikapakiwa kikaletwa kwetu. Nikikumbuka, damu inachemka. Na hiyo bado ni hasira ndogo.

Soko huria hilohilo ndilo lililoleta meza ya puli kwenye baa iliyokuwa karibu na stendi. Meza ya kijani, mifuko sita, mipira inang'aa kama matunda yaliyooshwa. Niliipenda siku ya kwanza nilipoiona. Nikawa napiga randa mchana huku naota niko Mbeya, kwenye ukumbi wenye meza zisizoinamia upande mmoja, watu wamenizunguka kimya, namalizia mpira mweusi. Nisicheke mwenyewe? Nilikuwa nacheka kweli, mpaka mjomba anauliza kama nimekunywa komoni.

Fimbo za baa zilikuwa nzito mbele kama mchi. Sasa, anayejua puli anajua kwamba mpira mweupe, ule wa kugongea mingine, haupigwi katikati siku zote. Ukitaka mpira ujizungushe, unaugonga ubavuni. Lakini ukiugonga ubavuni kwa fimbo nzito mbele, fimbo inausukuma, mpira unachepuka, hauendi ulikoutuma. Sisi tuliona hivyo ndivyo dunia ilivyo. Tukajifunza kulenga pembeni ya tunapotaka. Kijiwe kizima kilikuwa kinalenga pasipo ili kipate penyewe.

Mwaka huo, ulezi ulipokwisha kuvunwa, mwenye baa akatangaza kwamba atapeleka wachezaji wake Mbeya kushindana. Nafasi zote zikajaa ikabaki moja, na tulioitaka tulikuwa wawili: mimi na muuza nyama wa sokoni, mtu mwenye mkono kama paja la ng'ombe. Tungecheza Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya misa ya pili. Atakayeshinda anapanda gari. Kila mmoja aje na fimbo anayoitaka.

Nikasema, basi, mimi nitakuwa na ya kwangu.

Dereva mmoja wa lori aliyezoea kulala mjini kwetu akanipa lifti mpaka Kasesya, mpakani na Zambia. Alikuwa mchezaji, mikono ilikuwa ya grisi lakini ukimwona anavyoshika fimbo ungedhani anashika mtoto mchanga. Pale mpakani kulikuwa na mama anayeuza mitumba, na katikati ya miavuli yake zilisimama fimbo tatu za puli. Moja ilikuwa na joka jekundu limejizungusha tangu chini mpaka juu. Nikaikamata hiyo.

"Ya joka nzuri, mwanangu," mama akasema. "Wachezaji wakubwa wote wanapenda joka."

"Joka litakuingizia mpira?" dereva akaniuliza. "Iweke hapa."

Akailaza juu ya boneti na kuiviringisha. Ikarukaruka kama mbuzi. Ya pili ikaenda sawa, lakini ilikuwa nzito mbele kama za baa. Ya tatu haikuwa na urembo wowote. Ilikuwa vipande viwili vya kufungwa kwa skrubu, na kipande cha mbele kilikuwa chepesi mno, nikadhani kimeliwa na wadudu.

"Hiyo ndiyo yenyewe," dereva alisema. Akagonga kikofia cheupe cha nchani kwa ukucha. "Huku mbele wameitoboa ndani, makusudi. Ncha ikiwa nyepesi, ukiugonga mpira ubavuni, inakaa pembeni yenyewe, haiusukumi. Unalenga penyewe, unapata penyewe."

"Wee baba, unaniharibia soko la joka," mama akalalamika, lakini anacheka.

Akiba yangu yote ya kupiga randa ikabaki Kasesya.

Wiki ya kwanza nilitaka kulia. Nililenga pembeni kama nilivyozoea, na mpira mweupe ukaenda pembeni kweli, kwa utiifu mkubwa! Kijiwe kikanicheka mpaka choki zikaanguka. "Mshikaji, umeuziwa ufito wa kujengea!" Nikaanza upya kama mtoto wa chekechea. Kidogokidogo jicho likaamini, mkono ukafuata jicho, na mipira ikaanza kuingia. Muuza nyama akaacha kucheka. Akawa anakuja kuangalia, mikono nyuma, kama mtu aliyekuja kupima shamba.

Siku chache kabla ya Jumapili ile, ngozi ya nchani ikabanduka na kikofia chake kikalegea. Nikampa mjomba. "Naomba uigundishe tu, mjomba." Yeye puli aliiona ni mchezo wa wasio na kazi, lakini hakukataa. Jumamosi akanituma Chala kupeleka fremu za madirisha, nikarudi nimechoka, nikalala. Jumapili baada ya misa akanikabidhi fimbo yangu imefungwa kwenye kitambaa safi.

"Nimekutengenezea kuliko walivyotengeneza kiwandani," alisema. "Nenda."

Nikamshukuru kutoka moyoni, nikakimbia baani.

Niliposhika fimbo niliona kama mkono wa mbele umechoka. Nikajiambia ni safari ya Chala. Mipira niliyogonga katikati ikaingia vizuri. Muuza nyama naye akaingiza yake. Ukabaki mweusi, karibu na mfuko wa pembeni, na zamu yangu. Mpira rahisi, ila nikigonga katikati, mweupe nao ungefuata ndani, na nimefungwa. Ilibidi niugonge ubavu wa kushoto.

Nikalenga penyewe. Siyo pembeni. Penyewe, kama nilivyojifunza kwa jasho mwezi mzima.

Mweupe ukachepuka. Niliuona kwa macho yangu unaondoka kwenye njia yake kama mtu aliyeitwa na jirani. Mweusi ukaguswa kidogo, ukatikisika mdomoni mwa mfuko, ukasimama.

"Fimbo ya Zambia haijui Kiswahili!" muuza nyama akapiga kelele, akausukuma ndani mweusi kama anayefukuza nzi. Watu wakambeba. Mwenye baa akanipiga begani, akasema, "Bwana mdogo, mbwembwe nyingi." Mbwembwe! Ningekuwa na nguvu ningeigeuza ile meza.

Nyumbani nikamkuta mjomba amekaa mlangoni, bado na koti lake la kanisani, ananisubiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umemfunga?"

"Nimefungwa."

"Umefungwa? Na fimbo nzima vile?"

"Nzima vipi, mjomba?"

Akasimama, macho yanang'aa. "Si ilikuwa na tundu! Nimevua kile kikofia nigundishe, nakuta hewa. Hewa, mpwa wangu, kama ule mlango wa mwalimu! Nikasema hapana, huyu hawamwibii mbele yangu. Nikachonga kijiti cha mninga, nikakipigilia ndani na gundi ya maana."

"Mjomba!" Sikuwahi kumpigia kelele maishani. "Tundu ndilo nililonunua!"

"Mtu ananunua tundu?"

"Ndiyo! Ananunua! Ndiyo kazi yake!"

Nikamweleza yote, ncha nyepesi, mpira usiosukumwa, dereva na boneti lake. Aliposikia kwamba gari la Mbeya litaondoka bila mimi, akakaa tena chini taratibu, akavua kofia. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa kukasirika mpaka Jumapili nyingine, nikaona kile kijiti moyoni mwangu. Mninga ule ulikuwa kipande alichokitunza tangu alipotengeneza milango ya kanisa. Alinipa kilicho bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Ningemkasirikia vipi?

Hasira ikampita, ikaenda mbali. Ikaenda kwa walioipaka rangi hewa. Walimdanganya mtu mwaminifu mara nyingi kiasi kwamba kitu cha kweli kilipofika mikononi mwake, akakiziba. Hawakuiba pesa zetu tu. Waliiba imani ya mikono yetu, na kwa hilo hakuna duka la kwenda kudai.

Asubuhi yake mjomba alifunga kipande cha mbele kwenye jiliwa, akachukua keke yake ndogo kabisa, akaanza kutoboa kijiti chake mwenyewe. "Mungu nisamehe," alinung'unika. "Nautoboa mti mzima. Wenzangu wakisikia, nimekwisha."

Wakati anatoboa, gari la Mbeya likapita mbele ya karakana, vumbi na honi. Muuza nyama alikuwa amening'inia dirishani, na roho yake si mbaya, akaniona.

"Mshikaji! Nikuletee nini Mbeya?"

Nikainua mkono. "Lete chochote, lakini usiniletee mlango!"

Hakuelewa, akapunga tu. Ndani ya karakana keke ilisimama. Mjomba alikuwa anacheka, mabega yanatetemeka, mpaka akajifuta macho kwa mkono uliojaa vumbi la mbao. Kisha akapuliza tundu likawa safi, akachungulia, akaninyooshea fimbo.

"Haya," alisema. "Shika hewa yako."