Jina la Bibi halimo kwenye tanzia

Usiku ule sikupata usingizi hata kidogo, kwa hiyo ndoto yenyewe ilinikuta kesho yake mchana, nimelaza kichwa juu ya magazeti ya zamani maktabani.

Nikiri kwanza. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeiona tanzia ya Babu Sevelini, kaka yake bibi yangu, aliyekwenda Tanga kukata mkonge akiwa kijana asirudi. Bibi ndiye aliyenituma nimtafute. Kazi hii sikufundishwa. Nimejifunza mwenyewe, kwa daftari na penseli. Jina lilikuwa lile, kijiji alichozaliwa kile, na pichani ana paji la uso la Bibi. Bado niliendelea kufunua kurasa. Nilinakili tanzia nzima mara nne kwa sababu mwandiko haukunyooka. Nilisema nataka uhakika zaidi, lakini uhakika nilikuwa nao. Nilichoogopa ni ile orodha ya chini: baba wa fulani, mjomba wa fulani, shemeji wa fulani. Bibi hayumo.

"Bado natafuta, Bibi," nilimwambia.

"Basi yu hai," akajibu, na akakataa tena jina la kaka yake lisomwe kwenye misa ya kuwaombea marehemu.

Asubuhi ile mtunza magazeti aliniona nikiingia. "Dada, leo tena? Hao marehemu wako hawaishi?" Nilijua ni mzaha. Uso wangu haukufanya chochote.

Mchana nikalaza kichwa, halafu meza imekuwa ndefu, na upande wa pili ameketi mzee mwenye paji lile, na koti la pichani. Analowesha kidole, anafunua gazeti taratibu, kama mtu anayetafuta matokeo ya mpira. Kisha meza haipo. Tunatembea shambani, mkonge umepandwa kwa mistari iliyonyooka kuliko chochote nilichowahi kuandika, na daftari langu analibeba yeye.

"Mke wangu," ananiita, kwa utani wa babu na mjukuu, "mbona unanisoma kila siku na hunipeleki nyumbani?"

"Umemwacha Bibi," nasema. "Umetaja hata mashemeji."

Anacheka bila sauti. "Nani kakuambia maiti huandika tanzia yake?"

Sasa tuko uani kwa Bibi. Anapepeta mchele bila kutuona. Babu anamtazama muda mrefu, lakini hamkaribii.

"Mwambie anililie," anasema. "Nimechoka kungojwa."

Niliamka shavu likiwa limeganda kwenye gazeti. Nilitoka nje, nikapiga simu kabla sijapata sababu ya kuahirisha.

"Bibi, nimempata."

"Yu wapi?"

"Alifariki, Bibi. Zamani. Huko huko Tanga. Nilijua tangu wiki mbili zilizopita, nikakuficha."

Nilisubiri moyo wangu ufanye kitu. Haukufanya. Upande wa pili nilisikia kuku tu.

"Gazetini wamenitaja?"

Nilikuwa na sentensi tatu nzuri za kumfariji, nimezipanga siku nyingi. Sikutumia hata moja. "Hapana, Bibi."

"Wangenijulia wapi," akasema. Kisha akaita, si mimi, jirani yake: "Mama Tilia! Njoo unisaidie kutandika mikeka. Nimefiwa."