Njiti Tatu Kabla ya Sabato

Nikisikia harufu ya majani ya mkaratusi yaliyoloa, macho huanza kuniwasha kabla sijaona hata moshi. Juzi mjukuu wangu alikuwa anahangaika na kuni mbichi uani, anapuliza hadi mashavu yanamvimba, nami nikajikuta nacheka peke yangu kama mtu asiye na adabu. Ilibidi nimweleze sababu. Sasa nawaeleza na ninyi, maana uzee umenifundisha kwamba aibu ikisimuliwa huwa nyepesi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kanisa letu la Wasabato, kwenye vilima vya upande wa Nyamarambe, lilikuwa na chama cha watoto, na mlezi wetu alikuwa Mwalimu Ondieki. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wiki moja mahali fulani mbali, akarudi na kofia pana, filimbi, na daftari lililojaa maarifa ya kuishi nyikani: kuchuja maji, kujenga kibanda cha matawi, kutambua mashariki, kuwasha moto, na la kufanya mtu akipotea. Yalikuwa maarifa mazuri. Shida ni kwamba kwetu Ugusii hapakuwa na nyika. Ukisimama juu ya kilima chochote cha kwetu unaona chai, migomba, mahindi na nyumba ya mtu, na nyuma ya nyumba hiyo, nyumba ya ndugu yake.

"Ukipotea," alitusomea Mwalimu, "tafuta mto uufuate unakoteremka. Utakufikisha kwa watu."

Rafiki yangu Nyaboke aliinua mkono. "Mwalimu, mimi nikifuata mto nafika kwa shangazi. Nimwambie nimepotea?"

"Mwambie hivyo."

"Atanipa mtungi nirudi mtoni."

Hatimaye nyika ilipatikana. Mzee mmoja wa kanisa alitupa ruhusa ya kulala kwenye shamba lake la mikaratusi, juu kidogo ya bonde. Ukikaa vizuri ungeweza kuona paa la jiko letu, lakini Mwalimu alituagiza tusiangalie upande huo. Tulikuwa watoto sita, na kila mmoja alipewa kazi yake. Mimi nilipewa moto. Mwalimu alinikabidhi kiberiti chenye njiti tatu, akasema mtu wa nyikani hana duka. Nikifaulu, kesho yake ningevalishwa skafu ya manjano mbele ya kanisa lote.

Skafu hiyo niliitaka kuliko Krismasi. Dada yangu alikuwa na yake, na aliivaa hata akienda kukama ng'ombe.

Lakini siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Kwa wasiolelewa katika nyumba kama yetu, naomba nieleze. Sabato huingia jua linapozama siku ya Ijumaa. Kufikia hapo mama alikuwa amekwisha kupika maharagwe, ametuogesha, viatu vimepakwa rangi, na kiberiti kimewekwa juu ya kabati ambako hakuna mkono wa mtoto uliokifikia hadi Jumamosi jioni. Moto uliowashwa mapema uliweza kuongezwa kuni. Moto mpya haukuwashwa. "Sabato haipokelewi na mikono yenye masizi," mama alisema kila wiki, akitukagua kucha. Kwa hiyo kama ningeshindwa kabla ya jua kuzama, watu saba wangelala kwenye baridi na viazi vitamu vibichi. Chakula kingine Mwalimu hakuleta, kwa kuwa daftari lilikataza.

Mvua ilinyesha saa nane, kama ilivyokuwa desturi ya mvua ya kwetu, tena ya mawe. Tulipofika saa kumi na moja kila jani lilikuwa linatiririka maji.

Njiti ya kwanza iligusa majani ikafa bila neno.

Ya pili ingefaulu, ila nyuma yangu alikuwa amesimama Momanyi, kijana wa miaka kumi na mitatu aliyepewa kazi ya kuchimba choo lakini akawa na maoni kuhusu kazi za wengine wote. "Puliza," alisema. "Usipulize hivyo. Puliza kama mtu, siyo kama kuku." Nilipogeuka kumjibu, njiti ikaniunguza kidole.

"Hata skafu yangu nitakuazima," akasema, akaenda zake mtoni, ambako Mwalimu alikuwa anawafundisha wenzangu kuchuja maji kwa kitambaa.

Nikabaki na njiti moja. Nikakumbuka mafundisho, kwamba jambo zito huanza na maombi. Nikaikwaruza, ikawaka vizuri, nikafumba macho na kusali. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na sala zake zilikuwa na mpangilio, nami sikujua sala nyingine. Nikamshukuru Mungu kwa uhai, nikawaombea wachungaji, wajane na wasafiri. Nilikuwa nimefika kwa wagonjwa walio hospitalini nilipohisi kidole cha pili kinaungua. Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshika kipande cha mkaa.

Jua lilibaki kiganja kimoja juu ya kilima.

Chini kidogo ya miti ile alikaa mjane mmoja, Bosibori, ambaye watoto wote tulimwita Magokoro, yaani nyanya. Yeye alikuwa Mkatoliki. Siku zile kuomba moto kwa jirani halikuwa jambo la ajabu. Mama alinituma mara nyingi asubuhi. Nikateremka mbio, nikamkuta ameketi kando ya mafiga yake.

"Mmefukuzwa nyumbani?" aliniuliza. "Tangu jioni nawaona mmejaa huko juu kama ndege."

"Hapana, Magokoro. Tunajifunza kuishi nyikani."

"Nyika gani?"

"Hapo kwenye mikaratusi."

Aligeuka akaitazama miti. "Hapo ndipo mbuzi wangu hulala mchana," alisema. "Mtakula nini?"

"Viazi, moto ukiwaka."

Alichukua kigae cha chungu, akachota makaa mekundu, akayafunika majivu, akanipa na fungu la majani makavu ya mgomba kutoka darini. "Kimbia, mama. Jua lako hilo linakwenda."

Wenzangu waliporudi walikuta ndimi za moto zinacheza. Nilikuwa nimekificha kigae chini ya matawi. Mwalimu alivua kofia.

"Njiti ngapi, Kemunto?"

"Nilitumia zote tatu, Mwalimu."

Ulikuwa ukweli mtupu, na nilikuwa natenda dhambi kwa kuutumia huo huo. Viazi vikafukiwa kwenye majivu, jua likazama, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato, Mwalimu akaomba. Baada tu ya amina, mtu alikohoa.

Alikuwa Magokoro, na sufuria mbili zilizopangwa kichwani, mfuko wa unga kwapani na mwiko mkononi.

"Mwalimu, nimekuja kupika," alisema.

"Mama, karibu. Lakini sisi tumekwisha kuingia Sabato."

"Ingieni tu. Mimi bado niko nje. Makaa yangu yote mtoto wako amekuja kuyachukua, na kuni zangu zimeloa. Niteteme kwangu na moto wangu uko huku?"

Watu wote wakanigeukia. "Skafu imeenda," Momanyi alisema taratibu, kama mtu anayetangaza msiba.

Mwalimu alifungua daftari, akalipindua kurasa chache, akalifunga. Hakukuwa na neno ndani yake kuhusu mwanamke anayekuja nyikani na unga. Akasogea kumpisha. Alipomaliza, Magokoro alipakua ugali mkubwa kama kiti, na ndani ya sufuria nyingine ndogo alikuwa na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyokwisha kupikwa kwa maziwa. "Siwezi kula peke yangu watoto wakinitazama," alisema. Kwetu hukatai chakula mkubwa akikiweka mbele yako. Mwalimu alinawa mikono. Ugali wa mjane mmoja ulitutosha watu wanane, na Nyaboke akalamba mwiko.

Usiku ule niliungama huku nalia, na Mwalimu akanisamehe bila kunipa skafu. Nilivalishwa mwaka uliofuata, kwa njiti mbili, nikisali macho yakiwa wazi.

Asubuhi yake nilirudisha kigae. Jikoni mwa Magokoro gogo nene lilikuwa linafuka chini ya majivu, jeupe kwa kuungua muda mrefu. Sikuwaza chochote, nilikuwa na huzuni zangu. Ni baada ya kuolewa na kuwa na jiko langu mwenyewe ndipo nilipofahamu kwamba hakuna mwanamke wa rika lake aliyetoa kaa lake la mwisho. Kila mmoja alifukia gogo. Moto wake haukuzimika jioni ile. Aliona kwamba Mwalimu asingepokea chakula cha msaada, lakini jirani aliyekosa moto asingemfukuza.

Nimeketi katika vikao vya kanisa miaka mingi, nikisikiliza watu wakiulizwa kuhusu uongo wao, na hadi leo sijui ule wa Magokoro niuweke wapi. Wangu niliutubia. Wake kila ninapoufikia katika maombi, nashindwa kumwombea msamaha, naishia kushukuru.